Kaburi la Dinny Lordan na Jezi Namba Moja

Colman Lordan alifika makaburini Kilcrannagh akiwa na chupa ya wiski, bilauri zilizofungwa kwenye taulo na mikate ya nyama aliyoiandaa mkewe. Vyote vilikuwa vya wachimbaji. Baba yake, Dinny, alikuwa amelazwa sebuleni ndani ya jeneza, na misa ilikuwa kesho yake. Katika parokia yetu, siku moja kabla ya mazishi, majirani huja wenyewe asubuhi na makoleo yao kulifungua kaburi. Hawaitwi wala hawapangiwi zamu. Kazi ya wafiwa ni kuleta kinywaji tu. Mtoto hagusi udongo wa kaburi la mzazi wake.

Alifungua lango, akatazama kona ya akina Lordan. Nyasi zilikuwa zimesimama na umande wake. Hapakuwa na mtu.

"Nilidhani nimekosea siku," anasema.

Hakuwa amekosea siku. Alikuwa amecheza mechi.

Colman ni dereva wa lori la maziwa. Kazi yake ni kupita kwenye mashamba ya parokia tatu na kunyonya maziwa kutoka kwenye matangi ya wafugaji. Kwa karibu muongo mzima alikuwa pia kipa wa akiba wa timu ya kaunti ya hurling, mchezo wetu wa fimbo bapa na kijipira kigumu. Kipa wa akiba hufanya mazoezi yote, hula baridi yote, kisha Jumapili huketi. Vijana wa klabu walimwita Meya wa Benchi. Hakuna anayelipwa katika mchezo huu, kuanzia nyota hadi yeye. Mtu anatoka kukamua ng'ombe au kufundisha hesabu, anaingia uwanjani kwa ajili ya kaunti, na Jumatatu anarudi kazini na kidole kilichovunjika.

Ndiyo maana mgomo ulipotokea majira yale ya baridi, watu wa nje hawakuuelewa. Wasiolipwa wanagomea nini? Waligomea kudharauliwa. Bodi ya kaunti ilikuwa imewaahidi wachezaji kiti kwenye meza ya kumchagua kocha. Meza ilikaa bila wao. Kocha waliyekwisha kumkataa akapewa muhula mwingine, nao wakaisikia habari hiyo redioni kama kila mtu. Timu nzima ikaweka fimbo chini. Msemaji wao alikuwa Ultan Crowley, beki wa kati, mfugaji ambaye shamba lake linapakana na la akina Lordan.

Colman naye aligoma. Alisimama nyuma ya Ultan kwenye picha ya gazeti. Kisha mwenyekiti wa bodi akaja nyumbani kwake, akanywa chai, akamwambia timu mpya inaundwa kwa vyovyote vile, na jezi namba moja haina mwenyewe.

Dinny alikuwa pale jikoni na kifua chake kibovu, akipumua kwa sauti. Alikuwa amekwenda kila mechi ya mwanawe na hajapata kumwona akiokoa mpira hata mmoja.

Mgeni alipoondoka, Colman akauliza, "Unasemaje, baba?"

"Mimi sichezi," mzee akajibu. "Usiniulize mimi."

Colman akaivaa jezi.

Mechi ilikuwa aibu. Timu ile ya kuokoteza ilifungwa mabao mpaka mwandika matokeo ubaoni akakosa namba, na mengi yalipita chini kushoto, upande ambao Colman amekuwa mzito tangu utotoni. Lakini mabao siyo yaliyowashtua waliokuwapo. Timu ilipoingia uwanjani, watu wa Kilcrannagh waliokuwa jukwaani walisimama, wakageuka, wakampa mgongo. Watu waliokuwapo siku ya ubatizo wake. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwemo. Ni mzee mmoja tu aliyebaki anatazama mbele, na huyo alikuwa Dinny.

Baada ya hapo Colman aliendelea kuchukua maziwa, kwa sababu maziwa hayangoji mgomo. Zamani kila ua lilimpa chai na kipande cha mkate wa magadi. Sasa alipokelewa na mbwa. Kwa Ultan, geti lilikuwa wazi na tangi limeoshwa, lakini mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe.

Wiki chache baadaye Dinny akafa. Watu walikuja kutoa pole, wakapanga foleni mpaka barabarani, wakampa Colman mkono. Akafikiri yamekwisha. Kumbe kumpa mtu mkono na kumchimbia ni mambo mawili.

Alikaa juu ya ukuta wa makaburi, chupa magotini. Gari likapunguza mwendo barabarani, likaongeza tena. Baadaye jingine. Mwenye duka la majeneza akapita kupima nafasi. Aliona nyasi, akavua kofia.

"Mungu wangu," alisema. "Colman, hawajaja?"

"Unaona mtu?"

"Nina jamaa mjini mwenye mashine ndogo ya kuchimbia mitaro. Nimpigie?"

"Baba yangu si bomba la maji."

Mkewe, Gráinne, alipofika alimkuta amechukua koleo la kanisa na ameanza kukata majani. Gráinne hakuwa amepata kuona kitu kama kile, wala mama yake, wala bibi yake.

"Acha! Watu watakuona!"

"Wangekuwepo wa kuniona, ningekuwa nimekaa."

"Mpigie simu Batt Coakley."

"Hili haliombwi, Gráinne. Unajua haliombwi."

Gráinne alipanda gari, akaenda kwa Batt, fundi wa kuta ambaye amefungua makaburi ya Kilcrannagh tangu akiwa kijana. Alimkuta ameketi ndani ya gari lake, uani kwake, amevaa buti. Sururu na makoleo yalikuwa nyuma.

"Batt, mume wangu yuko shimoni."

Batt akawa mweupe kama chokaa. "Shimo gani?"

"La Dinny. Anachimba peke yake."

"Yesu na Maria! Ultan hayupo huko?"

Hapo ndipo jambo lilipojulikana. Batt alikuwa amepita makaburini mara mbili. Hakuona gari lingine, akaogopa kuwa wa kwanza kuingia, asije akaitwa mvunja mgomo. Wengine walifanya vilevile. Kila mmoja alikuwa na koleo ndani ya gari, akizunguka kutafuta gari la mwenzake. Ultan yeye hakutoka kabisa. Aliamini Colman hatamtaka pale, na kwamba wenzake wamekwisha kumaliza.

Batt akawapigia simu wote, Ultan pia, wakafika pamoja, magari yamepangana hadi kwenye daraja. Colman alikuwa ndani hadi kwenye magoti, shati limelowa. Batt alikuwa analia waziwazi. Ultan akaenda mpaka ukingoni.

"Toka humo."

"Umechelewa."

"Toka humo, we msaliti, kabla sijakutoa kwa nywele. Mtoto hamchimbii baba yake."

"Jana ulinipa mkono, Ultan. Leo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mjinga nyumbani kwangu," Ultan akasema. "Dinny ndiye aliyemchimbia baba yangu, kwenye barafu. Nimekuja kwa ajili yake. Si kwa ajili yako. Wewe nitakuchukia Jumatatu."

Akamshika mkono, akamvuta juu. Majirani wakachimba. Colman akafungua chupa kama inavyotakiwa, akamimina, wakanywa kwa zamu. Ultan alipopewa bilauri alimnywea marehemu, akairudisha bila kumtazama mwenye chupa.

Colman hakucheza tena. Alimwambia mwenyekiti ana msiba. Kama ni msiba tu au ni lile shimo pia, hasemi. Majira ya kuchipua kocha alijiuzulu na wagomaji wakarudi. Colman hakuitwa hata benchini. Chai ilirudi polepole, ua baada ya ua. Kwa Ultan ililetwa na mke wake. Ultan mwenyewe alitimiza ahadi yake: alimchukia Jumatatu, na Jumatatu zilizofuata, kwa miaka, bila kumpa salamu.

Vuli iliyopita mama yake Ultan alifariki. Batt anasema alipofika makaburini alfajiri, Colman alikuwa amekwisha kuegesha lori la maziwa langoni, mahali ambapo kila mpita njia angeliona, na shimo lilikuwa limefika kifuani. Ultan akaja na chupa yake. Alisimama ukingoni, akatazama kazi kwa muda mrefu.

"Chini kushoto hujafika," akasema. "Kama kawaida yako."

Colman akacheka, akachimba chini kushoto.