Siku Dramu Yetu Ilipoingia Ziwani Kibirizi

Wapiga dramu tukikutana, hata kama ni msibani, mazungumzo lazima yafike kwenye dramu ya kwanza. Mmoja atasema ya kwake ilikuwa nyekundu na aliifuta kila siku kwa fulana yake mwenyewe, mwingine atasema aliikumbatia akalia, na mwingine (huyu ana chumvi nyingi) atasema aliipiga hapo hapo bila kufundishwa na mapepo yakawatoka watu watatu. Ikifika zamu yangu huwa naomba ruhusa kwenda kujisaidia. Leo visingizio vimeniishia, kwa hiyo nasema mara moja na msinirudishe nyuma: mimi dramu yangu ya kwanza niliiacha ikatumbukia ziwani mbele ya mchungaji, kwaya nzima na nusu ya wachuuzi wa Kibirizi, na chanzo chake ni vyuma viwili ambavyo niliona havina kazi.

Ilikuwa miaka ile ya ukimbizi. Wenzangu wengi tuliovuka nao kutoka Burundi walipelekwa kambini, mimi nikaangukia Buzebazeba, mtaa wa mjini karibu na ziwa, kwa binamu ya mama yangu, Mama Joza, aliyekuwa ameolewa na Mha, mwenyeji wa huko, tangu zamani. Kwetu nilikuwa mpiga ngoma, na hapa sijisifu, nilikuwa mpiga ngoma kweli, wa zile ngoma kubwa za gogo unazozipiga umesimama, unaruka, unazunguka, halafu ukimaliza unajitwisha ngoma yako kichwani unaondoka. Buzebazeba nani alijua hayo? Nilikuwa "yule mkimbizi wa kwa Mama Joza", mtu wa kuchota maji na kupasua kuni, na iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Sasa kanisani kwetu akaja mzee mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, Papa Lwamba, aliyekuwa amepiga dramu kwenye bendi huko kwao Zaire maisha yake yote. Vita vilipomkuta alipanda boti na godoro moja na magunia matatu ya dramu (watu walisema aliacha kabati, aliacha baiskeli, aliacha hata viatu vya Jumapili, ila dramu hakuiacha). Jumapili moja akasimama mbele ya kwaya akasema anakwenda kuishi Tabora kwa binti yake na magunia hayo hayawezi kusafiri naye.

"Nitaachia kwaya ile iko na mutu anajua," akasema. "Kama hapa hamuna, kuko bale ba kwaya ya ng'ambo ya reli, beko banangojea."

Mwalimu Asheri, mwalimu wetu wa kwaya, akageuka akatutazama mmoja mmoja. "Kuna mtu hapa amewahi kupiga dramu?"

Kwaya ya watu thelathini, yaani hata wa kukohoa hakuna. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na ningeweza kabisa kuendelea kukaa nyuma, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ego cane." Yaani ndiyo, tena sana.

"Wapi?"

"Bujumbura."

(Bujumbura nilikuwa nimefika mara mbili, zote hospitali, kumtazama mjomba.)

Papa Lwamba akanitazama kuanzia miguuni, akasema tuchukue magunia tukajaribu, yeye atakuja kusikia siku ya ubatizo pale ufukweni Kibirizi, baada ya wiki mbili, na hapo ndipo ataamua dramu inabaki wapi.

Magunia yakafunguliwa kanisani, Mwalimu Asheri kashika kiuno anatazama, kina mama watatu wa sauti ya kwanza nao wanatazama, na mimi naunganisha vipande huku naimba kwa mluzi, maana mtu anayejua kazi hupiga mluzi. Pedeli sikuhangaika nayo, inafanana na ya cherehani. Matoazi nayo yanajieleza. Ngoma ndogo zikapata pa kukaa. Mwisho vikabaki vyuma viwili, urefu wa mkono, vyenye mpira kwenye ncha.

"Na hivi?" akauliza Mwalimu Asheri.

Hapo ndugu zangu ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno moja tu, halina hata kodi. Nikasema, "Hivyo ni vya akiba," nikavirudisha kwenye gunia.

Ile ngoma kubwa ya chini, besi, inalala ubavu, na kila nikiikanyaga ilikuwa inataka kuondoka. Sikuelewa ina nini, kwetu ngoma inasimama kwa uzito wake na haiulizi miguu. Nikatoka nje nikaokota matofali mawili yaliyobaki ujenzi wa kanisa, nikaitegea huku na huku, ikatulia. Mwalimu Asheri akayatazama matofali, nikamwambia Bujumbura ndivyo tunavyofanya. Kulikuwa pia na kigoda cha duara ambacho sikukiona kazi yake, maana sijawahi kumuona mpiga ngoma mzima wa afya amekaa, kwa hiyo nikampa mchungaji kiwe cha wageni, nikapiga nimesimama, mguu mmoja chini na mmoja kwenye pedeli kama korongo.

Lakini msinidharau sana, mkono wangu ulikuwa mzuri. Jumapili ya kwanza tu watu waliacha kuimba wakawa wananisikiliza. Njiani wakaanza kuniita Mpiga Dramu, watu wazima wananisalimia wao kwanza, na Mama Joza akaacha kunituma maji. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka nilikuwa na jina ambalo si la huruma. Ndiyo maana sikulala vizuri wiki ile ya pili: dramu ikienda ng'ambo ya reli, jina linaondoka nayo, ndoo inarudi.

Siku ya ubatizo ikafika. Kina mama wa kwaya walikuja na vitambaa vyao vya kufuma wakaivisha ile besi mpaka chini kwa heshima ya sakramenti, ikawa kama meza ya sebuleni. Matofali Mwalimu Asheri aliyakataa, alisema hatuwezi kwenda na matofali mbele ya watu. Nikasema sawa, nitaona huko. Tukafika Kibirizi, mchanga umeinamia majini, na pembeni kulikuwa na nyavu zimetandazwa zimejaa dagaa wa kuanikwa, zimebanwa mawe pembeni ili upepo usizibebe. Mwenye dagaa simuoni. Nikachukua mawe mawili mazuri (mawili tu, alibakiwa na mengi), nikategea besi, nikashusha kitambaa kuficha. Halafu nikaigeuza dramu yote ikae ubavu kwa ziwa, ili walioko majini wanione mikono na Papa Lwamba aliyeko ufukweni anione pia. Papa tulimpa kile kigoda akikalie. Alikitazama, akanitazama mimi niliyesimama, akakaa.

Wa kubatizwa walikuwa watano. Mchungaji yuko majini hadi kiunoni, kanzu nyeupe inaelea, na kwaya inaimba, na mimi nampigia kila anayezama na kuibuka pigo lake la toazi. Wanne walizama na kuibuka salama. Nilimuona Papa Lwamba anatikisa kichwa taratibu kwa mdundo, nikajua dramu ni yetu, nikaongeza mbwembwe. Wa tano alikuwa Mzee Bitungwa, mpagazi wa magunia pale pale Kibirizi, mtu mzito, mchungaji akawa anajipanga namna ya kumshika.

Ndipo akatokea mwanamke amejifunga kanga mbili, mwenye dagaa wake, Bi Mwajuma, mtu wa Ujiji. Alizunguka nyavu zake, akahesabu mawe kwa macho, kisha akafuata alama za miguu yangu mchangani moja kwa moja mpaka kwenye dramu.

"Mwanangu, jiwe langu hilo," akasema kwa upole kabisa.

Nikamtikisia kichwa, bado napiga, namwonyesha kwa kidevu kwamba kuna ibada.

"Wewe mwimbie Mungu wako, sikuzuii. Mimi dagaa wangu wanapeperuka."

Akainua kitambaa, akachukua jiwe lake, lile la upande wa ziwa, akaenda zake.

Besi ilisimama kidogo. Halafu ikaanza kwenda. Ngoma ndogo iliyopanda juu yake ilizungushwa mara moja, ikavunjika shingo, ikabaki mchangani, pedeli ikachomoka na mguu wangu ukiwa juu yake nikalala chali, na besi ikashika njia, imejivisha kitambaa cha kufuma, ikapita katikati ya dagaa wa Bi Mwajuma ikawazoa kiasi, ikaingia majini chubwi. Kwaya haikunyamaza. Mwalimu Asheri alikuwa ametufundisha kwamba litokee lolote ubeti haukatwi, na watu wale walikuwa na nidhamu. Upepo wa asubuhi pale hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo besi ilielea ikaelekea Zaire ilikotoka.

Mimi ni mtu wa milimani, sijui kuogelea, lakini nilipoiona inakwenda nilisahau. Nilikimbia nikaingia na nguo zangu na fimbo za dramu mkononi, machozi yananitoka, mikono nimeinua juu nisije nikaanguka, nikafika maji ya kifuani. Sasa mchungaji alikuwa ameipa besi mgongo, hakuiona. Alichoona ni kijana anakuja mbio majini, analia, mikono juu. Mama mmoja ufukweni akapiga kigelegele. Mchungaji akamwacha Mzee Bitungwa asubiri zamu, akanikamata ukosi.

"Mwanangu, umeamua," akasema, na yeye machozi yanamlengalenga.

"Mchungaji, niachie, inakwenda."

"Acha iende, mwanangu. Ungama tu."

Nikajaribu kujinasua, mguu ukateleza, maji yakanifika kidevuni, na mchungaji ndiye alikuwa kitu pekee cha kushika. Nikawaza nitakufa hapa na uongo wangu. Basi nikaungama kwa sauti yangu yote. "Sijawahi kupiga dramu! Nina wiki mbili! Bujumbura nilikwenda hospitali, na vile vyuma viwili sijui ni vya nini!"

Na ubeti ukawa umeisha wakati huo huo, kwaya ikanyamaza, maji nayo yanabeba sauti. Hata Bi Mwajuma alisikia.

Mchungaji akasema amina, akanizamisha (na mimi nilibatizwa tangu mtoto mchanga, kwa hiyo mbinguni sijui wameniandika mara ngapi). Nilipoibuka, wavuvi wawili walikuwa wanairudisha besi kwa kasia, mmoja anaigonga njia nzima asikie inavyolia.

Nikatoka majini nikasimama mbele ya Papa Lwamba, nachuruzika, dagaa mmoja kwenye kola. Sikuweza kumtazama. Mzee wa watu aliacha kabati, aliacha viatu, akaokoa kitu kimoja, na mimi nikakitupa ziwani kwa kuona haya kusema sijui. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu naongea kwa sauti ili kuifukuza.

"Bile byuma biko wapi?" akauliza.

Vilikuwa kwenye gunia. Akaimwaga besi maji, akavipachika, kimoja kulia na kimoja kushoto, ncha zikashika mchanga, akaisukuma kwa goti. Haikusogea. Kumbe ndiyo miguu yake. Kisha akainuka, akakiweka kile kigoda nyuma ya dramu.

"Ikala," akaniambia. "Nani alikudanganya hii kintu banaipiga na kusimama?"

Nikakaa. Akamgeukia Mwalimu Asheri, ambaye alikuwa amejifunika uso na daftari la nyimbo. Papa alisema kule ng'ambo ya reli kuko kijana anajua, na huyu hajui kitu. Halafu akasema yule anayejua yeye hajawahi kumuona akiingia kwenye maji kwa ajili ya ngoma, na huyu ameingia na kuogelea hajui. Dramu ikabaki kwetu. Alichelewesha safari siku sita anifundishe, asubuhi na mchana, na katika siku hizo sita alinisifu mara moja tu, kwamba nakaa vizuri.

Ndoo ilirudi jioni ile ile, Mama Joza aliiweka mlangoni. Dagaa wa Bi Mwajuma niliwaanika upya kwa mikono yangu wiki nzima, naye akinipita ananiuliza kama Bujumbura tunaanika hivyo hivyo. Na ile besi kila jua likiwaka kanisani ilikuwa inanuka, paka wa mtaa wakawa waumini.

Basi nikaapa sitasema tena najua kitu. Nikazidisha. Nilipokwenda kuposa Kidahwe, baba mkwe aliniuliza kama najua kulima, na mimi nimezaliwa shambani, jembe nililishika kabla ya kijiko. Nikamjibu, "Hapana, baba, sijui, lakini nikifundishwa nitajaribu." Alinitazama sana, akamwambia mkewe kwa Kiha kwamba kijana ni mzembe ila si mwongo, wakanipa mtoto wao. Tangu hapo kila msimu mzee hunipangia mstari wangu karibu na wake ili anisimamie, ananirekebisha namna ya kushika mpini, ananipongeza mbele ya watu, na mwaka jana alisema kabla hajafa angalau amemfundisha mtu mmoja kulima. Kwa hiyo nimedanganya tena, na safari hii uongo una watoto wanne. Nitaungama, naapa nitaungama, ila nitaungamia nchi kavu.