Tulivyompeleka Bibi-Arusi Kinyumenyume

Gari langu lilitembea kilometa nyingi kabla ya kunijua mimi. Lilizeeka kwanza Ulaya ama Asia, sijui, likazeeka tena Uganda, halafu likavuka mupaka wa Mahagi na usukani wake upande wa kuume, kama karibu magari yote ya Bunia. Mimi nikalipokea kwa vigelegele, utafikiri limetoka kiwandani jana. Ile namba ya kuhesabu kilometa ilisimama siku moja tukitoka sokoni, na tangu hapo gari likakataa kusema umri wake. Sikulilaumu. Mimi pia nakataa.

Lilikuwa otomatike. Hapa kwetu watu hawaliamini sana gari la otomatike. Wanasema gari linalojibadilishia vitesi, yaani gea, lenyewe ni kama mume anayepika: inapendeza, lakini mutu anajiuliza kuna nini nyuma yake. Wacha waseme. Mimi nauza vitambaa, nasimama sokoni tangu asubuhi, na magoti yangu si ya kukanyaga pedali tatu. Kila siku lilinipeleka na kunirudisha, na waliocheka niliwajibu, "Cheka tu. Weye uko na miguu, mimi niko na gari."

Halafu likaanza vituko. Naweka mukono wa vitesi kwenye D, ya kwenda mbele, linafikiri kwanza. Nakanyaga mafuta, moteri inapiga kelele, gari linasogea pole kama mutoto anayetumwa dukani wakati wenzake wanacheza. Fundi wetu akachomoa kile chuma cha kupimia mafuta ya bwate, yaani lile sanduku la vitesi, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Yalinuka maharagwe yaliyoungua.

"Mama, hii bwate imechoka," akasema. "Ndani mule kuko sahani ndogo zenye kushikana, njo gari inakwenda. Zimekwisha. Tuifungue."

"Itafika arusi ya mudogo wangu?"

Akatia mafuta mapya, akajipangusa mikono. "Itafika, Mungu akipenda."

Mungu, kumbe, alikuwa na mupango wake.

Lazima niseme kuhusu mudogo wangu. Ni mutoto wa mwisho wa mama yetu, na mama alituachia yeye akiwa bado mudogo wa shule ya musingi. Siku mama alipokuwa anaaga alinishika mukono, akasema, "Huyu utampeleka weye mwenyewe mpaka mulango wa kanisa." Hakusema apelekwe na gari la kukodi. Hakusema apelekwe na binamu. Kwa hiyo nilipopata gari, jambo la kwanza nililowaza si mizigo ya vitambaa. Niliwaza ile siku.

Na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, posho kama tunavyosema siye, ya mwisho kabla ya Kwaresima. Padri wetu anafungisha ndoa za watu wengi pamoja, na alishatangaza: kengele ya pili ikilia, mulango unafungwa, na atakayebaki inje atangoja baada ya Pasaka. Padri huyo hatanii. Mwaka uliotangulia alimwacha inje bwana-arusi mwenyewe, na mashada yake ya maua. Sasa fikiri: mbuzi wamekwisha kuchinjwa, wageni wametoka mpaka Butembo kwetu kwa asili, halafu uwaambie warudi baada ya Pasaka!

Kwetu kuko desturi mbili za siku hiyo. Ya kwanza: bibi-arusi akiisha kutoka nyumbani hageuki kutazama nyumba. Akigeuka, ndoa itamrudisha na valizi yake ya nguo. Ya pili: baba akiisha kumbariki binti yake anaingia chumbani, anafunga mulango, na hatoki mpaka gari limeondoka. Muzee wetu hizo desturi anazishika sana. Ni mutu mukavu. Hata siku ya kumzika mama sikuona chozi lake. Asubuhi ile alimwekea mudogo wangu mukono kichwani, akasema, "Kwenda na amani," maneno matatu tu, akaingia chumbani. Mulango ukajifunga.

Mudogo wangu alinitazama, mimi yaya yake, dada mukubwa. "Yaya, hata kunikumbatia?"

"Unamjua baba," nikamwambia. "Twende, usiharibu poda." Lakini moyoni nilikasirika. Maneno matatu! Hata mbuzi wa sokoni anaagwa kwa maneno mengi kuliko hayo.

Magari mengine yote yalikwisha kutangulia yakipiga honi, na wageni, na wasimamizi, na kwaya. Langu lilisimama barabarani mbele ya nyumba, pua ikitazama juu ya mulima, kwa maana nilikuwa nimemleta mudogo wangu kutoka chini, kusukwa nywele. Kanisa liko upande wa chini, ng'ambo ya bulvari. Nilitaka tu kupanda kidogo mpaka kwenye nafasi, nigeuze. Shangazi yetu akakaa nyuma na bibi-arusi, akishikilia nguo nyeupe isiguse matope, kwa maana mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikaweka D.

Moteri ikalia. Gari likasimama.

Nikaweka tena. Nikakanyaga. Ikalia zaidi, na lile gari, mama yangu wee, halikusogea hata upana wa kidole. Kengele ya kwanza ikasikika kutoka chini.

Majirani wa Bunia uwape nini! Hata sikuita. Walitoka kila nyumba, wengine na sabuni bado masikioni, wakashika gari nyuma. "Sukuma! Sukuma!" Nikawapigia kelele kwamba moteri inawaka, kwamba otomatike haisaidiwi na kusukumwa, kwamba bwate ndiyo imekufa. Nani alisikia? Hapa gari likisimama linasukumwa, hiyo ndiyo dawa, na dawa haibadilishwi kwa sababu ya ugonjwa. Walisukuma mpaka suti ya jirani wa mbele ikawa nyekundu kwa matope. Gari likapanda kidogo, wakachoka, likashuka pale pale.

"Nilisema!" Shangazi akaanza. "Asiyesikia la mukubwa huvunjika guu! Nilisema tukodi!"

"Shangazi, hapana leo!"

"Nipande moto," mudogo wangu akasema, na kweli kijana mumoja wa moto alikuwa amesimama pale na pikipiki yake, anatabasamu.

"Moto? Na ile nguo? Katika hii matope?" Shangazi akamtazama yule kijana mpaka akazima moto yake. Nikampigia simu binamu yetu, mumoja wa waliotangulia, arudi na gari lake. Inalia tu. Atasikia wapi, na zile honi?

Nilikuwa karibu kulia, nasema kweli. Nilimwona mama, nikaona mukono wake. Kwa hasira tu nikavuta ule mukono wa vitesi, nikautupa kwenye R, marsharyeri, ile ya kurudi nyuma, ili nitoe ile takataka katikati ya njia. Gari likashtuka. Likarudi nyuma kwa nguvu zake zote, laini, bila kufikiri. Majirani wakaruka kandokando.

Nikakanyaga freni. Kanisa liko chini, nyuma yetu. Gari linajua kurudi nyuma tu. Kila mutu alielewa wakati mumoja, na kila mutu akamtazama Shangazi.

"Hapana," akasema. "Bibi-arusi kurudi nyuma? Hapana kabisa."

"Shangazi," nikasema, na sijui nilipata wapi ile akili, "desturi inasema nini? Asigeuke. Si njo hivyo? Sasa akae vile iko, macho mbele. Akigeuka, ataona kanisa. Nyumba iko mbele yake. Hageuki!"

Shangazi akatoa kichwa dirishani. Akatazama nyumba, akatazama barabara, akahesabu jambo hilo kichwani kama mwamuzi. "Kweli," akasema mwishowe, "hageuki. Kwenda!"

Tukaondoka hivyo, mimi shingo imepinda nyuma, mukono mumoja kwenye usukani, majirani wakikimbia na kupiga vigelegele, na yule kijana wa moto akitutangulia kufungua njia. Nilikuwa nacheka. Ndipo nikasikia mudogo wangu anasema polepole, "Yaya. Baba."

Nikageuza kichwa mara moja. Muzee alikuwa ametoka. Alisikia vigelegele vinakwenda, akajua gari limeondoka, desturi imekwisha, hakuna wa kumwona. Alisimama katikati ya barabara na kandambili moja tu mguuni, kofia kifuani, analia kama mutoto, waziwazi, mabega yanaruka. Mukono mumoja aliuinua, akaubariki ule upepo wetu, akaubariki tena, tena. Macho yake hayaoni mbali siku hizi. Kwake yeye lilikuwa gari jeupe linalokwenda kama magari yote, na binti yake amempa mugongo.

Na binti yake alikuwa anamtazama usoni. Hakuna bibi-arusi wa kwetu aliyewahi kuona hayo. Alimtazama mpaka kwenye kona, machozi yanashuka, poda inakwenda nayo. Nilimwona Shangazi anashika ule mukono wake wenye glavu nyeupe.

Kwenye bulvari polisi wa barabara akatupigia filimbi. Akaja mpaka dirishani. "Mama, unaenda wapi?"

"Kanisani."

"Lakini pua ya gari inatoka kanisani!"

"Pua ndiyo. Siye tunaenda."

Akainama, akaona nguo nyeupe, akaona ile poda iliyoharibika. Akafikiri arusi imevunjika, masikini, akauliza kama bwana amemkataa. Tukacheka wote, hata bibi-arusi. Akasimamisha malori, moto, baiskeli na mbuzi, tukapita katikati yao kinyumenyume kama wakubwa wa serikali. Kengele ya pili ilikuta mudogo wangu ameweka mguu kwenye kizingiti. Nilimfikisha mimi mwenyewe, mpaka mulango wa kanisa.

Gari lilivutwa kwa fundi, likapata bwate nyingine, na leo linakwenda mbele vizuri. Lakini jioni ile, nilipomletea baba sahani yake ya nyama, alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mukavu kama kawaida, kandambili zote mbili miguuni.

"Mulifika vizuri?"

"Tulifika, baba."

Akatafuna kidogo. "Na mutoto? Hakugeuka?"

Shangazi, aliyekuwa amekaa karibu naye, akanitazama. Nikamtazama Shangazi.

"Hakugeuka, baba," nikasema. "Hata mara moja."

"Vizuri," akasema, na akaendelea kula.