Nilimwita Kabaila Mtu Aliyeniita Ndugu

Jamani, mimi ni mchafu. Nalisema mwenyewe kabla hamjanisema.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa dereva wa mwanadiplomasia mmoja Mcheki hapa Dar. Nitamwita Bwana Karel. Ukoo wake ulikuwa wa mabwana wakubwa, wenye kasri na misitu. Wakomunisti waliposhika nchi yao, ndugu zake walikimbia. Yeye akabaki, akakabidhi kila kitu, akaanza ukarani mpaka akapanda cheo.

"Mali ya babu ilikuwa jasho la watu," aliniambia siku moja Kariakoo, akitafuna muhogo wa kuchoma.

Binti yangu Zuhura alipopata degedege, yeye ndiye aliyeshika usukani mpaka hospitali. Mimi nilikaa nyuma nimempakata mtoto.

Kisha vifaru vya nchi zilizojiita rafiki vikaivamia nchi yao. Alilia ndani ya gari. "Marafiki gani hawa?" akauliza.

Haikupita muda, msaidizi wake pale ubalozini, Mcheki mwenzake, akanivuta pembeni. "Bosi wako anasemaje huko garini? Niambie, nikupeleke kwetu ukasomee ufundi."

Nikasema! Tena laiti ningeishia kwenye machozi! Nikatia chumvi: eti anatamani kasri lake lirudi, eti wakulima anawaita ng'ombe. Uongo mtupu! Nilijua kwa wakubwa wake neno "kabaila", bwana mnyonya wakulima, litammaliza, na nililitamka huku nacheka. Ptuu!

Akaitwa kwao. Uwanja wa ndege akanishika mkono: "Asante, ndugu yangu." Masikini, hakujua.

Nilipomwambia mke wangu, alisogeza sahani yake mbali na yangu. "Mtu aliyemwokoa Zuhura? Unanitia kinyaa!" Akamchukua mtoto, akarudi kwao Lindi.

Mimi nikaenda kusoma kwao Bwana Karel, kama nilivyoahidiwa. Huko, kwenye baridi kali, nikamwona Bwana Karel akishusha makaa ya mawe kwenye lori, uso mweusi kwa vumbi. Nikataka kugeuka. Akaniwahi kwa Kiswahili:

"Ndugu! Zuhura hajambo?"

"Hajambo," nikajibu. Sikujua hata kama yu hai. Nikakata kona, nikatapika.

Wewe unayeulizwa leo mwenzako kasema nini, funga mdomo! Watakupa walichokuahidi, kweli watakupa. Mimi ufundi niliupata. Nalala peke yangu, na harufu yangu mwenyewe inanichefua.