Njia ya Kwenda Kinu cha Arlene

Arlene Pinkham ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na minne ameendesha kinu cha sufu alichoachiwa na baba yake, maili sita nje ya mji wetu, kaskazini mwa Maine. Wafugaji humletea manyoya ya kondoo yakiwa na mafuta, majani na samadi. Yeye huyaosha, huyapitisha kwenye mashine yenye meno ya chuma, na kuwarudishia sufu laini iliyo tayari kusokotwa. Mashine ile ina umri mkubwa kuliko mtu yeyote anayeishi huku. Ikinguruma, vikombe vya kahawa hutembea mezani.

Mwaka jana alipata magunia tisa tu. Kiangazi cha mwaka huu akaja mwenye hoteli moja ya pwani, akataka kuinunua mashine aiweke ukumbini, wageni wake wanywe divai wakiitazama. Arlene hakumfukuza. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"Rudi theluji ya kwanza ikianguka," alimwambia. "Nitakuwa na jibu."

Mimi nilikuwa mchora vibao, enzi ambazo duka lilikuwa na kibao na kibao kilikuwa na mchoraji. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu, lakini vitabu vya maktaba yetu nimevimaliza, na ndiyo maana Arlene alipofungua tovuti miaka sita iliyopita alikuja kwangu kuomba maneno. Kuhusu njia, niliandika jinsi tunavyoelekezana huku: kata kushoto palipokuwa na shule, vuka penye daraja la mbao, pita ghala jekundu la kina Gilpatrick, halafu kulia kwenye mti wa tufaha. Aliniuliza kama tuweke na namba ya barabara. Nikamwambia mtu anayeogopa kuuliza njia akanunue sweta dukani.

Septemba hii akanijia na karatasi. Mwanamke mmoja wa New Hampshire, Gwen Haskett, alikuwa ameandika mtandaoni mahali ambapo kila mtu anasoma: "Nimezunguka saa mbili na magunia kumi na mawili garini. Hakuna kinu. Ni uongo."

"Magunia kumi na mawili," Arlene alisema. "Yamepita hapa hapa, yakarudi."

Tukaenda kwa Odile Thibodeau, mkutubi wetu, ambaye kila Alhamisi huwasaidia wenye biashara ndogo. Odile alitoka Quebec miaka kumi na mmoja iliyopita, na hana subira na watu wa huku. Alifungua tovuti kwenye simu yake, tukangoja.

"Bado?" Arlene akauliza.

"Bado. Kondoo anashuka. Naona masikio." Tukangoja tena. "Dada, picha zako nzito mno. Mtu yuko barabarani, mtandao wenyewe wa kubahatisha, atakusubiri mpaka kondoo amalize kushuka? Tutazipunguza. Na maandishi haya, kwenye simu ni madogo kama chawa."

Kisha akajaza ile fomu ya kumwandikia mwenye kinu, akatuma, akamgeukia Arlene. "Umepata?"

Arlene hakupata. Fomu ilikuwa bado inatuma kwenye barua pepe ya kampuni ya mtandao aliyoihama miaka mitatu nyuma.

"Kwa hiyo walioniandikia..."

"Waliongea na ukuta, dada."

Arlene aliitazama mikono yake. "Miaka mitatu," alisema, "nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba watu wameacha kufuga kondoo."

Odile aliweka barua pepe mpya, akatuma tena, na safari hii simu ya Arlene ikalia. Ndipo akafika kwenye maelekezo ya njia.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi," nikasema. "Yana kasoro gani?"

"Sijui, mzee. Twende tukaone. Wewe unakaa nyuma, na mdomo unaufunga."

"Hata kama—"

"Hata kama."

Aliendesha, Arlene akimsomea niliyoyaandika. Shule iliungua nikiwa kijana, kwa hiyo Odile alikata kushoto kwenye kituo cha mafuta, kwa kubahatisha. Daraja la mbao lilichukuliwa na mafuriko, lililopo ni la saruji. Alitafuta ghala jekundu, na mimi nyuma nikijiuma ulimi, kwa maana ghala la Gilpatrick liliuzwa mbao moja moja na mti wa tufaha ulikatwa kupisha nguzo za umeme. Tulisimama jalalani, kunguru wakitutazama.

"Tumefika?" Odile akauliza.

Nilikuwa nimemwelekeza mgeni kwa vitu vinne, na hata kimoja hakikuwepo. Mimi bado niliviona vizuri kila siku nikipita.

Siku ile ile Odile aliweka namba ya barabara, maili kutoka barabara kuu, namba ya simu juu kabisa, na alama ya kinu kwenye ramani za simu. Niliomba maneno yangu yabaki chini, hata kwa herufi ndogo.

"Hapana, mzee," Arlene alisema. "Mtu kabeba manyoya, hakuja kusoma historia."

Chini ya malalamiko ya Gwen aliandika kwa mkono wake: "Ulisema kweli. Kosa ni letu. Njia sahihi ni hii." Wiki mbili baadaye Gwen alifika na magunia yake, na ya majirani zake wanne. Wengine wakafuata.

Theluji ya kwanza ilianguka Novemba. Mwenye hoteli alikuja, naye akiongozwa na simu, akalazimika kupaza sauti kwa ngurumo ya mashine. Arlene hakuizima. Alimwonyesha magunia yaliyopangwa hadi darini, akarudi kazini.

Nyumba yangu iko kwenye kona ya kwanza. Zamani wageni wa kinu waligonga kwangu kuuliza, wakanywa kahawa, na kwa kugonga huko niliwajua wafugaji wa wilaya tatu kwa majina, na kondoo wao pia. Sasa magari yanapita na magunia, moja baada ya jingine. Hupunguza mwendo kwenye kona, hukata mahali panapotakiwa, na hakuna anayeinua macho.