Tulivyoleta Mzinga Kutoka Jomvu Kuu

Ijumaa jioni, mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha huko Likoni alinipeleka nyuma ya jiko. Ndani ya kabati bovu lililotupwa hapo, nyuki walikuwa wameshajenga masega.

"Nakupa mpaka Jumatatu," aliniambia. "Wakiwa bado hapa, naleta mtu apulize dawa."

Mimi ndiye msimamizi wa shamba la wanafunzi, na nyuki wale ndio waliokuwa wakizuru maua yetu. Nikauliza huku na huku mpaka nikapata simu ya Bi Rukia, anayefuga nyuki na kina mama wenzake Jomvu Kuu. Alisema twende, na nimchukue mwanafunzi mmoja. Nikamchagua Mwanaisha wa gredi ya sita, aliyewagundua nyuki wale na kukimbia hadi getini.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulivuka kivuko cha Likoni. Mwanaisha alikuwa amevaa soksi mbili mbili na shati la mikono mirefu, jasho likimtoka.

Saa nne tulikuwa Jomvu Kuu. Tulishika njia ya miguu hadi ukingoni mwa mikoko, ilipopangwa mizinga.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, wanangu. Kunyweni maji kwanza. Nyuki hawendi popote."

Kisha akatupeleka kwenye maboga yake. Ua moja alikuwa amelifunga kitambaa tangu lilipokuwa changa. Akakifungua: kiboga kilichokuwa chini yake kilikuwa kimenyauka. Cha pembeni yake, ambacho ua lake halikufungwa, kilishatoshana na ngumi.

"Mwanaisha, waonaje?"

"Abee. Hili lilinyimwa wageni."

"Wageni gani?"

Mwanaisha aliinama. Nyuki mmoja alikuwa akitoka ndani ya ua la boga, miguu imejaa unga wa manjano. Safari hii Mwanaisha hakukimbia. Alimfuata kwa macho mpaka ua la pili.

"Hawa," alisema. "Wanabeba unga wa ua hili kupeleka lile."

Bi Rukia alicheka kwa furaha. "Wallahi, huyu nampa kazi leo leo."

Saa nane tulirudi sote watatu, tumebeba mzinga mtupu. Kwenye feri mama mmoja aliuliza tumebeba nini. "Nyumba," Bi Rukia akajibu, na walio karibu wakacheka.

Jua lilipopoa, tulivaa nguo za wavu. Mwanaisha alishika bomba la kufukizia nyuki moshi wa makumbi ya nazi huku Bi Rukia akihamisha masega, moja baada ya jingine. Nyuki mmoja akamdunga Mwanaisha mkononi. Nilimwona akiuma mdomo, lakini moshi haukukatika. Malkia alipoingia mzingani, wenzake walimfuata kwa safu, nasi tukasogea kando tukiwatazama. Giza lilipoingia tuliupeleka mzinga mwisho wa shamba, nje ya ua wa michongoma, mahali alipokubali mwalimu mkuu.

Nimefundisha uchavushaji miaka mingi, kwa picha za ubaoni. Siku ile ndipo nilipouona, kwa sababu mtoto alinionyesha.

Jumatatu, mbele ya shule nzima, Mwanaisha alieleza habari za nyuki. Mtoto wa gredi ya kwanza akauliza, "Na wakikuuma?"

Mwanaisha akakunja mkono wa shati, akamwonyesha uvimbe. "Huuma," alisema. "Nami leo jioni nakwenda kuwatazama tena. Utakuja?"