Mama Mkwe na Kelele za Pusupusu

Miaka ile nilikuwa nasukuma takataka za mtaa wetu, hapa Kamina, kwa pusupusu, mkokoteni wangu wa magurudumu mawili. Nilianza saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mbuzi wa mji huu ni wafanyakazi hodari kuliko mimi: ukichelewa kidogo, wameshachana mifuko yote. Ili watu watoe ndoo zao, niligonga jante, rimu kuukuu la gari lililoning'inia mkokotenini, kwa bolti. Nilijiona mpiga ngoma. Mtaa uliniona adui.

Malalamiko yakafika kwa chefu wa mtaa. Mke wa askari mmoja wa Base, kambi ya jeshi, alisema mumewe akisikia chuma anaruka kitandani kutafuta buti. Hilo ningelicheka. Lakini mlalamikaji wa pili alikuwa mama mkwe wangu, wa nyumba ya mwisho, na hapo nikanywea. Kwetu Waluba, mama mkwe haangaliwi usoni, sembuse kubishana naye. Nilikuwa nimemwoa binti yake mwaka huohuo, na hakuwa amenisemesha hata neno moja. Nilimwogopa mama yule, na papo hapo nilitamani anipende.

Basi tukaamuliwa kwa desturi: yeye ndani ya nyumba yake, nyuma ya mlango; mimi uani, nimegeukia ukuta; chefu katikati, akibeba maneno ambayo sote tulikuwa tumeshayasikia.

"Chefu, mumuambie ule muntu, tunachoka na kelele."

"Mama anasema banachoka na kelele," chefu akaniambia.

"Chefu, mumuambie mama, kama hapana kelele, hapana ndoo."

"Anasema…"

"Minasikia!" mama akafoka, kisha akakumbuka heshima. "Mumuambie minasikia."

Uamuzi ukatoka: chuma kikilia tena, kazi anapewa mwingine. Sikuwa na kazi nyingine, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikafunga jante kwa matambara, nikapaka magurudumu mafuta ya mawese, nikaanza kupita kama mwizi.

Hakuna aliyefikiria, hata mimi mjuaji, kwamba kelele zile ndizo zilizomwambia mama mkwe aweke ndoo nje na kurudi ndani kabla sijafika. Siku ya tatu nikakata kona, naye huyo anatoka: kitenge kimoja kifuani, kichwa wazi, ndoo mkononi. Tukawa uso kwa uso. Mtu mwenye akili angegeuka akaenda zake. Mimi nilijitosa ndani ya pusupusu, kichwa kwanza. Naye, kwa heshima ileile, akafumba macho, akasogea hatua mbili, akamwaga ndoo ndani ya mkokoteni na kukimbia. Maganda ya muhogo, majivu, vichwa vya samaki wa kutoka Mulongo, vyote vikanishukia mgongoni. Sikutikisika. Hasira zilinitoa machozi, lakini sikutikisika.

Asubuhi hiyohiyo nikaenda kwake na kuku wa kuondoa aibu, kama desturi inavyotaka, na chefu nikamvuta kwa nguvu. Nikageukia ukuta, bado nanuka samaki.

"Chefu, mumuambie mama, kuku njo huyu. Na ile kazi, mupatie mwingine. Minyi siwezi tena."

Chefu akavuta pumzi ili aanze kuyabeba. Nyuma ya mlango kukasikika mkoromo, halafu kikohozi, halafu mama mkwe akashindwa kujizuia: akacheka mpaka akagonga mlango kwa kiganja. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Chefu akaanza hata hivyo: "Mama, anasema…"

"Chefu, nyamaza." Sauti ikasogea karibu na mlango. "Weye, mutoto wangu. Ile kazi iko yako. Piga chuma yako. Ila anza saa kumi na moja na nusu, minyi mama yako niko muzee, nataka kulala."

Nikamgeukia chefu anibebee jibu. Alikuwa amemkumbatia kuku, anatazama mawingu. Nikauelekea ukuta tena.

"Eyo, mama," nikamwitikia mwenyewe.