Walisema uji wa mwanangu ndio unaharibu simu za Karatu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Nimeingia humu na hasira, kwa hiyo sina muda wa kutunga. Naandika nilichokiona kwa macho yangu, na nilipokosea mimi nitasema pia.

Juzi kuna mtu kaandika humu kwamba miaka ile simu za Karatu zilikuwa zinasumbua kwa sababu "kuna mdada alikuwa anapikia chumba cha mitambo". Mkacheka mpaka ukurasa wa tatu.

Huyo mdada ni mimi.

Sasa kaeni vizuri.

Nilimaliza form four na division four ya heshima, ile inayochungulia zero bila kuigusa. Nikatoka Rombo kuja Karatu kutafuta maisha. Nikapata mimba ya dereva wa watalii. Upendo alipozaliwa, baba yake akaondoka na wageni kwenda Serengeti, na mpaka leo bado anawaonyesha simba.

Nikapata kazi kwenye kampuni moja ya simu, jina mtaniwia radhi. Kazi ya zamu kwenye mtambo: kufagia, kuangalia taa za mashine, kuwasha jenereta umeme ukikatika, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Nikapewa na chumba kimoja nyuma ya ofisi.

Kazi ikiisha, chumba kimeisha. Mimi na mtoto tuko barabarani na vumbi letu jekundu.

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Tluway, Mwiraqw wa Mbulumbulu, mtu wa maneno matano kwa siku. Aliniruhusu kuja na mtoto mgongoni. Alisema tu, "Asilie wakati wateja wanaongea." Hayo yakawa maneno yake ya siku hiyo.

Basi, akaja injinia kutoka Arusha kufunga kadi mpya ndani ya mtambo. Tulimwita Injinia Tai, maana alivaa tai hata siku ya kupanda mnara.

Kwenye ile kadi kuna kidude kidogo kuliko ukucha. Chip ya saa. Si saa ya kukuambia muda wa kula. Kazi yake ni kutoa mapigo, mengi kuliko unavyoweza kuhesabu, ili mtambo wa Karatu uende sawasawa na mtambo wa Arusha.

Mmewahi kuona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja? Mmoja anapandisha mchi, mwingine anashusha. Akitokea mmoja akaanza kutwanga kwa raha zake, michi inagongana na mahindi yanaruka nje. Simu nayo ndivyo ilivyo. Mapigo yasipolingana, maneno yanaruka nje ya kinu.

Sasa ile chip ikitoka kiwandani haijui Arusha wala Moshi. Lazima uichomeke kwenye laptop, uiambie: msikilize Arusha, piga kwa kasi hii. Ndiyo ku-configure kwenyewe. Ikitii, taa yake inawaka kijani. Ikianza kujipigia kivyake, taa inakuwa ya njano.

Injinia Tai alifika asubuhi, akabonyeza bonyeza, taa ikawa kijani. Chai nimemwekea, hata hakuigusa. Kumbe kwenye Land Rover ya kampuni alikuwa na mashemeji zake wawili, wanataka kushuka kreta kuona faru, na kule ukichelewa kuingia umeliwa siku yako. Akafunga laptop, akasaini daftari, huyooo.

Wiki haijaisha, malalamiko. Fax za kampuni za utalii zinakatika katikati. Simu ina tak, tak, tak, kama kuna mtu anavunja kuni ndani ya waya. Mzee Salum mwenye duka la jumla akaja mwenyewe dirishani.

"Binti, leo nimesema haloo nyingi kuliko bismillahi. Mtambo wenu umerogwa?"

Nikaangalia taa. Njano.

Injinia Tai akaitwa. Akaja, akabonyeza, kijani, akaondoka. Baada ya siku nne, njano. Akaja tena, kijani. Siku ya pili, njano.

Mara ya tatu akaanza kunusa nusa kama mbwa wa polisi, macho yake yakatua kwenye birika langu la umeme.

"Nani anapika humu?"

Ndiyo wakuu, nilichemsha maji ya uji mle ndani. Na si mara moja. Ilikuwa marufuku na nilijua. Mtoto wa miezi minane hali upepo, na Karatu mwezi wa saba baridi inaingia hadi kwenye meno.

Jamaa akawa amepata kisingizio chake. Akaandika ripoti kwamba mtunza mtambo anapika, anayumbisha umeme, ndiyo maana kadi inasumbua. Jibu kutoka Arusha likaja fasta: nikabidhi chumba Ijumaa.

Nililia siku ya kwanza. Siku ya pili machozi yakakauka, nikafungua daftari langu.

Nikawa nanyonyesha huku nasoma kurasa za nyuma. Mimi nilikuwa naandika kila kitu, hata saa ya kumpa mtoto uji, maana zamu ilikuwa ndefu na nilikuwa nasahau. Siku za uji, taa kijani. Uji, kijani. Uji, kijani. Halafu umeme umekatika, betri za akiba zimechoka, mtambo umezimika, nimewasha jenereta. Njano.

Kila njano ilikuja baada ya mtambo kuzimika. Zote tatu.

Injinia alisahau manual ya ile kadi juu ya kabati. Nikachukua dikshonari yangu ya shule. Ilinichukua siku mbili kupata sentensi moja: unachoiambia ile chip inakishika kichwani tu, na umeme ukikatika inasahau, mpaka uiamuru ikihifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu.

Hatua moja tu ya mwisho. Ya ku-save. Yule bwana kila akiona kijani anakimbia.

Ijumaa akaja, taa akairudisha kijani, akanipa karatasi ya makabidhiano. Nikamwambia, "Injinia, kabla sijasaini, zima mtambo uuwashe."

Akacheka. "Dada, una elimu gani?"

"Form four."

"Physics ulipata nini?"

"F. Lakini kijani na njano naziona."

Akamgeukia Mzee Tluway. "Mzee, mwambie mtu wako afungashe."

 Nami nikaona hapa nikisubiri ruhusa nitasubiria barabarani. Nikaenda kwenye swichi kubwa, mtoto mgongoni, nikaivuta chini.

Chumba kizima kikanyamaza. Mji mzima ukabaki bila simu ya mezani.

"We mwanamke, umezima wilaya!" Akanijia mbio. Mzee Tluway akasimama katikati yetu, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri ng'ombe wapite.

Nikapandisha swichi. Mashine zikaanza kuamka moja moja. Tukasubiri taa ya chip.

Njano.

Mzee Tluway akaiangalia weee, akamwangalia Upendo aliyekuwa amelala mdomo wazi. "Injinia," akasema, "uji uko wapi?"

Jamaa akaitupa tai begani kama mtu anayekula supu, akafungua laptop, akaanza kutafuta ile hatua ya mwisho. Manual nikamfungulia mimi, ukurasa ulikuwa na alama ya maziwa.

Alipomaliza, Mzee Tluway akaniambia, "Zima tena."

Nikazima, nikawasha. Kijani.

Karatasi ya makabidhiano sikusaini, na chumba nikabaki nacho. Msidhani nilipewa hongera. Ripoti ya Arusha ilisema injinia amegundua hitilafu na kuitatua. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kuzima simu za mji bila idhini. Halali yangu, nilizima kweli.

Ila Jumatatu Mzee Tluway aliandika kwa mkono wake, akabandika mlangoni: fundi yeyote hasaini daftari mpaka mtu wa zamu azime na kuwasha mbele yake.

Walikuja wengi baada ya hapo, wengine wamesoma Ulaya. Wote walisimama pale, wakinisubiri mimi nizime.

Nilichojifunza: kazi haijaisha kwa sababu taa imewaka. Na kabla hujamtwika mama wa watu mzigo wa uzembe wako, soma alichoandika.

Haya, semeni sasa. Aliyewahi kubebeshwa kosa la fundi atupe yake. Na wewe wa juzi, njoo uniombe radhi hapahapa mbele ya watu. Nipo mpaka Upendo atoke shule.